Legeza Mkono, Doto

Mimi nimechoka, na sioni aibu kulisema. Watu wa hapa Shanwe wakinipitia asubuhi, "Shikamoo Mama Amosi, umeamkaje?" nawajibu, "Marahaba, nimeamka nimechoka." Wanacheka, wanadhani natania. Ningekuwa natania si ningecheka na mimi? Nimelea, nimeuguza, nimezika, na bado kila siku nakaa hapa barazani nafuma vitambaa vya makochi ya watu. Shingo inauma, vidole vinakufa ganzi, macho nayo ndiyo hivyo tena, uzi mweusi siku hizi siugusi kabisa.

Sasa katikati ya uchovu huo, mvua zikiwa zimekolea, mwanangu Amosi akaja na bajaji, akamshusha mke wake mlangoni kwangu na begi moja na ndoo.

"Mama, Doto atakaa hapa mpaka ajifungue," akasema. "Kliniki wamesema asibebe kitu kizito, asilime, na asikae mbali na hospitali kubwa."

"Na wewe?"

"Mimi narudi Majimoto. Mpunga uko shambani, mama, ndege wanaumaliza."

Ndivyo nilivyoambiwa. Sikuombwa, niliambiwa. Akanywa uji wangu, akanawa, akamwambia mkewe maneno mawili matatu pembeni, akapanda bajaji ile ile. Nikabaki na mkwe mjamzito na ndoo tupu.

Doto si mtu mbaya, niseme ukweli. Ni mtoto wa wakulima wa tumbaku wa kule Inyonga, mpole mpaka unakereka. Ukimwuliza utakula nini, anasema chochote mama. Ukimwambia kaa, anakaa. Tatizo langu halikuwa yeye. Tatizo langu lilikuwa lile tumbo.

Hii ilikuwa mimba yake ya tatu. Wa kwanza alizaliwa asubuhi, akapumua pumua, mchana akaenda. Wa pili hakulia kabisa. Wote wawili nilikuwa nimewafumia shali, na mashali hayo hayo ndiyo tuliyowafungia. Kichanga kwetu hakiwekewi matanga. Tulikwenda wanawake wenyewe, tukafukia, tukanawa mikono, tukarudi kupika. Kwa hiyo mikono yangu hii imefuma sanda mbili ikidhani inafuma mashali. Baada ya yule wa pili niliichukua sindano yangu nene, ile niliyokuwa nafumia mashali, nikaitia kwenye kopo la maziwa, nikalipandisha juu ya kabati. Nikasema basi. Nitafuma vya makochi tu, kochi halifi.

Na safari hii nyumba yangu niliirudisha kwenye mila. Wazee wetu hawakumwandalia mtoto ambaye hajafika. Hununui nguo, hutaji jina, huanzi chochote. Wasichana wa siku hizi wanakatia tumbo keki, wanapiga picha, sawa, wafanye huko kwao. Mimi hata beseni la kuogea mtoto nililiondoa machoni, nikaligeuza chini juu nyuma ya choo. Doto aliniona nikiligeuza.

Siku za mwanzo alikaa tu. Asubuhi kwenye mkeka, mchana kwenye mkeka, anatazama barabara, bodaboda wanapita wanarusha tope. Nilikuwa nikimpikia, namchotea maji ya kuoga, nafua, halafu ndiyo nakaa kufuma, na kila nikiinua macho namkuta ananitazama mikono.

"Mama," akasema siku moja, "nifundishe kufuma."

"Ili iweje?"

"Nakaa tu, mama. Mikono inaniwasha kwa kukaa."

"Unataka kufuma nini?"

"Chochote. Kitambaa."

Nilitaka kukataa. Kumfundisha mtu kuanza ni kazi kuliko kufuma mwenyewe, na mimi nguvu hiyo sina. Lakini nikafikiri, akiwa na kitu mkononi ataacha kunitazama. Nikampa sindano moja nyembamba ya kroshia, ile ya chuma yenye ndoano kichwani, na mabaki ya uzi wa kahawia ambao haukuwa na kazi.

"Tazama mikono, usinitazame mdomo," nikamwambia. "Uzi uzungushe kwenye vidole viwili, upishane. Umepata tundu. Kwenye tundu ingiza sindano, chukua uzi wa nyuma, utoe mbele. Sasa vuta mkia taratibu. Hicho ni kitanzi. Kitanzi kinakaa kwenye shingo ya sindano lakini hakiinyongi, lazima kiweze kutembea."

"Sawa mama."

"Uzi wako upite juu ya kidole cha shahada, hiki cha mwisho kiukunjie ili usikukimbie. Ndoano inauchukua uzi, inaupitisha ndani ya kitanzi. Inauchukua tena, inaupitisha. Hiyo tunaita cheni. Kila kinachofumwa kinaanzia hapo. Ukikosea cheni, hata ufume mpaka Kaliua, umekosea tu."

Akaanza. Ala! Nilifundishwa na masista nikiwa msichana, nimewafundisha wasichana wa jumuiya yetu, sijawahi kuona mkono kama ule. Kila alipopitisha uzi aliuvuta mpaka ukalia. Kitanzi kikaing'ang'ania sindano, ndoano ikakwama, yeye anaisukuma kwa dole gumba, jasho linamtoka puani. Cheni yake ilikuwa ngumu, unaweza kufungia mbuzi.

"Legeza mkono, Doto."

"Nimelegeza, mama."

"Umelegeza wapi? Hii hujafuma, umefunga. Fumua."

Akafumua. Akaanza tena. Akakaza tena. Nikamwambia sasa rudi juu ya hiyo cheni, iruke ya karibu na sindano, ingia kwenye inayofuata, chukua uzi utoke nao, vitanzi viko viwili, chukua uzi tena upite vyote viwili. Sindano ikagoma kuingia. Tundu halikuwepo. Alipolazimisha, akapata mstari, akapata na wa pili, lakini kwa kuwa chini kumebanwa na juu kumepanuka, kile kitambaa kikajikunja chote kama bakuli.

Jirani yangu Faudhia alikuwa amekuja kuchukua vitambaa, maana yeye ndiye anayeniuzia sokoni. Akakitazama, akaguna.

"Mama Amosi, hii ni kofia?"

"Mwulize mwenyewe."

"Hata kama ni kofia, ni ya kuku."

Doto akacheka, nilikuwa sijamsikia akicheka tangu alipofika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechoka na uzi wangu ulikuwa unachakaa kwa kufumuliwa.

"Hebu niambie," nikamwuliza Doto, Faudhia alipoondoka, "mkono huu umeutoa wapi? Umekasirika? Una kitu moyoni?"

"Ni tumbaku, mama."

"Tumbaku inaingiaje hapa?"

Ndipo akanieleza. Kwao, majani ya tumbaku yakivunwa wanayafunga kwa kamba kwenye fito, fito moja baada ya nyingine, halafu zinapandishwa ndani ya bani, ile nyumba ya kukaushia, na chini yake kuna moto unapita kwenye mabomba. Fundo likiwa legevu, jani linaanguka juu ya bomba, linashika moto, na bani lote linaungua na jasho la mwaka mzima. Baba yao alikuwa akipita nyuma yao anavuta kila fundo kwa kidole. La mtoto yeyote likiteleza, mtoto huyo anaonja fimbo. Doto ameanza kufunga tumbaku kabla hajaanza shule.

"Mkono wangu haujui kulegeza, mama," akasema. "Ukilegeza, kitu kinaungua."

"Haya, sasa huu ni uzi. Hauendi motoni."

"Najua, mama. Mkono ndiyo haujui."

Nikaguna, nikamwambia afumue. Ikawa ndiyo maisha yetu. Yeye anakaza, mimi nasema legeza, yeye anafumua. Akijitahidi kulegeza, anasahau tundu la mwisho la kila mstari, kitambaa kinapungua upande, kinaanza kipana kinaishia na ncha. Nikamwonyesha: ukifika mwisho, kabla hujageuza, papasa kwa kucha, lipo moja linajificha pembeni, usiliache. Ukigeuza, weka cheni moja ya kusimamia kabla hujaanza kurudi. Hilo alilishika haraka. Mkazo ndiyo ukabaki. Mchana treni ikipiga honi inaingia stesheni, mimi nina kitambaa cha watu nimefika nusu, yeye ana kijipande cha kahawia amekifumua mpaka kimetoka manyoya.

Nilidhani anapoteza muda. Kumbe mwenzangu alikuwa na safari yake.

Siku hiyo nilitoka sokoni na samaki, migebuka. Nimelowa mvua, kandambili moja imekatika, nimetembea upande kandambili upande mguu mtupu. Nikaingia ndani kutafuta khanga kavu, nikamkuta Doto amepiga magoti chumbani. Juu ya kitanda ametandaza cheni. Si ya kahawia. Nyeupe, ya uzi mpya wa sweta, na ndefu, amefikisha kutoka mto mpaka karibu na katikati ya godoro, anaipimia kwa mkono wake, kutoka kwenye kiwiko mpaka vidoleni, halafu tena.

"Doto, hiki ni nini?"

Akashtuka. "Cheni, mama."

"Naona ni cheni. Kitambaa gani cha kochi kinaanza na cheni ndefu hivyo? Hilo kochi anakalia nani, tembo wa huko mbugani?"

Akaanza kuikusanya ile cheni.

"Uzi mweupe nani amekuletea?"

"Dada Faudhia. Nilimwomba." Huyo Faudhia bado sijamalizana naye. "Mama, ni shali."

Nikakaa pale kitandani na migebuka yangu mkononi, maji ya samaki yananichuruzikia miguuni, na hasira ikapanda.

"Wewe mtoto una akili kweli? Hukuona yaliyotukuta? Mimi nageuza hadi beseni, nafunga mdomo, hata kanisani siombi kwa sauti, wewe unaanza shali ndani ya nyumba yangu! Mara mbili, Doto! Mara mbili nimefuma, na mara mbili nimefukia! Sitaki. Fumua hiyo cheni sasa hivi nione."

"Mama, naomba niseme."

"Hakuna cha kusema. Fumua."

"Mama, naomba niseme." Hakupandisha sauti, lakini ile mara ya kwanza alikuwa akiniomba, na hii ya pili hakuwa akiniomba. "Wale wawili uliwafumia wewe. Nilikushukuru na bado nakushukuru. Mimi nilikaa tu na tumbo langu, nikangoja. Wakaenda. Kuwaosha mliniambia mzazi asiguse. Kuwafunga, mlifunga nyie. Kuwapeleka, nyie. Hakuna hata kitu kimoja walichoondoka nacho kilichotoka kwenye mikono yangu."

Nikaiweka migebuka sakafuni.

"Huyu akikaa, akae," akasema. "Akienda..."

"Usiseme."

"Akienda, mama, aende na kitu cha mama yake."

Nikainuka, nikaenda jikoni, nikawasha mkaa, nikakaanga wale samaki mpaka wakaungua upande mmoja. Nililia, nasema wazi, na Doto alipokuja mlangoni nikasingizia moshi. Tulikula. Samaki walikuwa wachungu. Yeye alikula wake wote, akasema ahsante mama.

Asubuhi nilipanda juu ya stuli, na mgongo wangu huu, nikalishusha kopo la maziwa. Sindano yangu ilikuwa ndani vile vile, ya mbao, nene, imelainika kwa kushikwa. Nikampelekea mkekani.

"Sindano nene haikubali kubanwa sana," nikamwambia. "Hata mwenye mkono wa tumbaku itamwachia nafasi. Anza upya na hii. Ila sikiliza masharti yangu. Utaanza, lakini hutamaliza. Asipofika mwenyewe, hilo shali halimalizwi. Yale mawili niliyamaliza kabisa, nikakata uzi, nikaficha na mkia. Hili hukati uzi. Libaki na bonge lake la uzi. Jioni unalitia kwenye mfuko, silioni. Na mimi siligusi hata kwa kidole. Nitasema kwa mdomo tu."

Akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti na tumbo lile. "Ahsante, mama."

"Inuka huko, utaniulia mjukuu," nikasema. Neno likanitoka kabla sijalizuia. Mjukuu. Wote wawili tukajifanya hatujalisikia.

Basi akaanza. Kitanzi, cheni, cheni. Mara ya kwanza alikaza, akafumua mwenyewe bila kuambiwa. Alikuwa anaongea na mkono wake kwa sauti ya chini, "Hakuna moto, hakuna moto," kama anambembeleza mtoto. Cheni ikatoka legevu. Si nzuri, hapa imepanuka pale imebana kidogo, lakini ukiiinua inaning'inia, ina pumzi. Akarudi juu yake mstari wa kwanza, akapapasa tundu la mwisho, akalipata, akageuza. Likatulia mkekani, halikujikunja. Nikalitazama pembeni ya jicho. Nikaendelea na kochi langu.

"Mama, ni sawa?"

"Sijaangalia."

"Sawa mama."

Lilikua taratibu. Alikuwa anachoka upesi, miguu imemvimba, akifuma mistari michache anajilaza. Jioni shali linaingia mfukoni. Amosi akipiga simu anauliza mnaendeleaje, namwambia tunaendelea. Sikumwambia habari ya shali. Ningeanzia wapi?

Tumbo halikusubiri miezi yake. Tulikuwa tumemaliza kula mchana, Doto akainuka kupeleka sahani, akasimama. Maji yakamshuka miguuni. Tukatazamana. Sahani akaziweka chini vizuri, moja juu ya nyingine, akasema, "Mama, bado muda," na mimi nikasema, "Najua, mama. Vaa kandambili."

Faudhia alikimbia barabarani kumsimamisha Lyamba, kijana wa bajaji wa mtaa wetu. Njiani kila shimo Doto alinibana mkono, na mimi nilikuwa nasema tu, "Haya, haya," sijui nilikuwa namwambia nani. Hospitali wakampokea haraka, siwezi kuwasema vibaya. Mlangoni mwa chumba cha kujifungulia wakaniambia bibi, wewe bakia hapa. Doto akanipa ule mfuko. Hata sikuona aliuchukua saa ngapi.

"Mama, endelea pale nilipoishia."

"Tulikubaliana siligusi."

"Mama." Uchungu ukamkata, akashika mlango. "Mimi sasa hivi mikono yangu ina kazi. Endelea."

Wakafunga mlango.

Nilikaa kwenye benchi. Mbele yangu ukuta, umepakwa rangi ya kijani nusu. Watu wanapita na ndoo, na machupa ya chai, wengine wanatoka wanacheka na simu sikioni. Nimekaa kwenye benchi la namna hii mara mbili, nikatoka na shali lililofungwa. Nilitaka kwenda nyumbani nikalale. Nilichoka kuliko siku zote nilizowahi kuchoka, uchovu wa mtu anayejua atakachoambiwa.

Nikafungua mfuko. Shali lilikuwa jeupe, limekunjwa vizuri, sindano imechomekwa kwenye bonge, kitanzi cha mwisho amekirefusha ili kisifumuke. Nikaingiza sindano kwenye kitanzi. Nikaweka cheni moja ya kusimamia. Nikaingia tundu la kwanza, nikachukua uzi, nikatoa. Nikaendelea. Macho yangu yalikuwa mlangoni, mikono imejiendea yenyewe, imefanya kazi hii miaka mingi. Nilipofika mwisho wa mstari na kugeuza, sindano ikagoma.

Nikasukuma. Ikagoma. Nikaangalia chini. Yesu wangu! Mstari wangu wote ulikuwa umekazwa, matundu yamefumba, na shali lote la Doto, lililokuwa limetulia, limevutwa na mstari wangu mmoja, limeanza kujikunja kama bakuli. Mimi! Mimi niliyemwimbia mtoto wa watu legeza, legeza, tangu mvua zilipokolea! Nilizitazama hizi ngumi zangu. Zilikuwa zimefunga uzi kama za mtu anayening'inia kwenye kamba ya kisima.

Nikafumua. Mstari wangu tu, wake sikuugusa. Nikapumua. Nikanyoosha vidole kimoja kimoja, vikalia. "Hakuna moto, Skolastika," nikajiambia, na mama mmoja pembeni yangu akanitazama, akasogea kidogo. Nikaanza tena, uzi nikiuacha upite juu ya kidole kwa hiari yake. Ilinibidi nifikirie kila tundu kama msichana anayeanza. Sikumaliza hata nusu ya mstari, mlango ukafunguka.

"Bibi wa mtoto wa Doto?"

Alikuwa nesi, jina limeandikwa kifuani, Jeniffer.

"Nipo," nikasema. "Sema tu, mwanangu. Mimi nimeshazoea."

"Umezoea nini, bibi? Ni wa kike. Ni njiti, mdogo kweli kweli, sikufichi, na siku hizi za mwanzo ndizo za kuangalia sana. Lakini amelia. Tumemweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, ndiyo joto lake. Nahitaji kitu cha kumfunika juu. Mmekuja na nini?"

Tumekuja na nini? Tumekuja na khanga moja aliyovaa mzazi. Nyumba nzima haina hata soksi, kwa amri yangu mimi.

"Na hilo?" akaonyesha mapajani kwangu.

"Halijaisha."

"Ni safi?"

"Halijawahi kutoka mfukoni ila kwa kufumwa."

"Linatosha hivyo hivyo." Akatoa mkasi mfukoni mwa gauni lake. "Lete nikukatie huo uzi."

"Usikate!"

Benchi zima liligeuka. Nesi akabaki na mkasi hewani. Sikuwa nimekusudia kupiga kelele, lakini ningerudia.

"Usikate, mwanangu, nakuomba," nikasema. "Yale mengine nilikata. Hili likiingia, linaingia na bonge lake, na bonge linaingia na mimi."

Alinitazama. Sijui aliona nini, pengine kikongwe kilichochanganyikiwa. Akarudisha mkasi mfukoni.

"Kanawe mikono bibi, mpaka viwiko. Na sabuni."

Doto alikuwa amelala nusu kuketi, midomo mikavu, khanga imefunguliwa, na kati ya matiti yake kuna kitu kidogo chekundu chenye kofia ya hospitali. Nesi akalichukua shali mikononi mwangu, akalifunika juu yao, upande wa cheni ya kuanzia ukakaa chini ya kidevu cha Doto. Upande ambao haujaisha ukabaki kwangu. Nikavuta stuli, nikakaa karibu kabisa, bonge mapajani, sindano mkononi.

Doto akafungua macho. Akaliangalia shali, akaupapasa ule mstari wangu nusu.

"Umefuma, mama."

"Kidogo."

"Ulikaza?"

"Nilikaza. Nikafumua."

Akatabasamu kwa upande mmoja, hana nguvu ya upande wa pili. Simu yangu ikalia, Amosi huko Majimoto, anapiga kelele kwa sababu ya upepo, mama vipi, mama sema. Nikamwambia ni msichana, yupo, usiulize jina, njoo. Nikakata. Halafu nikaendelea kufuma, maana sikujua nifanye nini kingine. Lile shali lilikuwa mwilini mwa mtoto na mimi nalifuma. Ingia, chukua uzi, toa. Chukua tena, pitisha. Kwa mila sikujua kama hiyo ni kuandaa au si kuandaa, na nilikuwa nimechoka mno kwenda kuuliza wazee.

Nilikuwa nimefika karibu na tundu la mwisho, lile linalojificha, uzi ukanivuta kidole.

Nikaacha kufuma. Nikadhani ni Doto amejigeuza, lakini Doto alikuwa ametulia, amefumba macho. Nikashika tena sindano. Uzi ukavuta. Chini ya shali kulikuwa na mguu, mguu usiozidi dole gumba langu, unajinyoosha, na ulipojinyoosha shali likasogea, na shali liliposogea uzi ukanikimbia juu ya kidole cha shahada, ukanivuta. Machozi yakanishuka, na safari hii hakukuwa na moshi wa kuusingizia. Wale wawili niliwafumia mashali kamili, mazuri, yenye pindo. Hakuna aliyewahi kunivuta uzi.

Nikaushika ule uzi kwa nguvu zangu zote.

"Mama," Doto akasema, macho bado amefumba, "legeza mkono."

Nikalegeza.